Diski ya Zamani Ubavuni mwa Mpya

Alhamisi moja ya Oktoba mwaka 1999, saa tatu asubuhi, Josephine Hiribae aliingiza CD kwenye kompyuta kwa mara ya sita, na kwa mara ya sita kompyuta ikamwambia aingize CD. Alikitazama kioo. Akakitazama kijitaa cha CD kilichokuwa kinawaka kama kawaida. Kisha akatoa tusi la Kipokomo ambalo mamake hakujua kwamba binti yake analijua.

Haikuwa siku ya kuchezewa. Saa sita kamili msafara wa magari ya kwenda Malindi ungeondoka Garsen na askari wake, wengine mbele na wengine nyuma, kwa sababu ya majambazi wa barabarani, na gari lililochelewa lilikaa hadi kesho yake. Gari la kituo chao lilipaswa kuwa ndani ya msafara huo, likiwa limebeba disketi moja tu yenye oda ya dawa. Bohari ya Malindi ilipokea oda za robo ya mwisho ya mwaka mpaka jioni ya Alhamisi hiyo, halafu basi. Dawa zilizobaki kabatini zilikuwa za siku kumi na nne.

Kituo chenyewe kilikuwa cha kifua kikuu, nyumba moja ya mabati ukingoni mwa mji, na nyuma yake vibanda walimokaa wagonjwa. Walikuwa sitini na watatu, wengi wao wafugaji wa Kiorma waliokubali kuwaacha ng'ombe wao mikononi mwa ndugu na kuketi pale miezi minane, wakimeza vidonge kila asubuhi mbele ya macho ya tabibu. Kuketi hivyo kwa mfugaji si jambo dogo. Na mgonjwa wa kifua kikuu akikatiza dawa katikati, ugonjwa humrudia na ujeuri, na vidonge vilevile haviutishi tena.

Utauliza, kwa nini asiandike oda kwa kalamu? Angeiandika, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Lakini wakubwa walikuwa wameshikwa na hofu ya mwaka elfu mbili. Ilisemekana kompyuta zilizozoea kuandika mwaka kwa tarakimu mbili zingefika Januari na kudhani zimerudi mwaka 1900, basi ikaletwa programu mpya ya kuagizia dawa, na karatasi zikapigwa marufuku. Programu hiyo haikukubali kuingia kwenye kompyuta isiyokuwa na kirekebisho cha mwaka 2000. Na kirekebisho hicho, kilicholetwa kwenye CD, ndicho kilichokuwa kikimgomea Josephine tangu alfajiri.

Alivuta kiti mpaka kwenye redio ya mawasiliano, akabonyeza kitufe.

"Malindi, Malindi, hapa Garsen. Wanipata? Ova."

"Garsen, nakupata vizuri, dada. Habari za huko? Ova." Huyo alikuwa Charo, fundi wa kompyuta wa ofisi ya Malindi, Mgiriama mwenye sauti ya taratibu ambayo haikuwahi kupandishwa na jambo lolote.

"Za huku mbaya. Kirekebisho hakiingii. Kinaniambia niingize CD kwenye D, na CD imo. Ova."

"Imo kabisa? Ova."

"Imo, Charo, imo mpaka inanicheka. Ova."

Redio ilikoroma kidogo. Kisha Charo akauliza, "Humo ndani ya sanduku mna diski ngapi? Ova."

Josephine aliligeukia sanduku la kompyuta lililokuwa wazi ubavuni, kifuniko chake kimeegemezwa ukutani. Diski zilikuwa mbili, vile visanduku vya chuma ambamo kompyuta huweka kumbukumbu zake. Moja mpya, ndogo, imenyamaza kama mgeni. Nyingine ya zamani, imefungwa kando yake kwa waya uleule mpana, na kila baada ya muda ilikuwa ikigonga, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

"Moja," alisema. "Ova."

Uongo huo ulimtoka kabla hajauona, na mara akaona aibu. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kwenda Malindi.

Charo, kwa kuamini alichoambiwa, akampa kazi za mtu mwenye diski moja. Apanguse CD kwa kitambaa laini. Aitoe, airudishe. Akaze waya wa CD nyuma. Afute kirekebisho chote, aanze upya. Josephine alifanya yote hayo, kijasho chembamba kikimtiririka mgongoni, na jenereta huko nje ikinguruma. Ilipofika saa nne na dakika ishirini, kompyuta ilimwambia kwa adabu ileile aingize CD kwenye D.

Sasa, yafaa nikueleze kwa nini mwanamke mwenye akili zake alimdanganya mtu aliyekuja kumsaidia.

Babake Josephine, Mzee Hiribae wa Idsowe, alikuwa mchonga mitumbwi. Alichonga taratibu, kwa miezi, na alipomaliza hakuuamini mtumbwi mpya hata kidogo. Siku ya kuuteremsha mtoni aliufunga kwa kamba ubavuni mwa ule wa zamani, akaishusha yote miwili pamoja. Mpya ukivuja, au ukilala upande, mtu alikuwa na pa kurukia. Josephine ndiye aliyekaa ndani ya ule wa zamani na kopo la kuchotea maji, kwa sababu ulikuwa umetoboka, na babake akasimama kwenye mpya akisukuma kwa upondo. Watu wa ng'ambo walikuwa wakiwacheka: mtu gani huyu anatembea na mitumbwi miwili kama suruali? Mzee hakujali. Mtumbwi unywe maji kwanza, alisema, ndipo tutajua ni mtumbwi au ni gogo.

Kwa hiyo Jumatatu, diski ya kituo ilipoanza kugonga, na Jumanne Charo alipomtumia mpya kwa gari pamoja na barua ya maelezo, Josephine alijua la kufanya. Jumatano nzima alinakili, kutoka diski ya zamani kwenda mpya, akiwa ameelekeza feni yote kwenye sanduku na kujinyima yeye. Kazi ilikwama mara moja tu, mahali ambapo diski ya zamani ilikuwa imechubuka. Programu ya kunakili ikamwuliza: nijaribu tena au niruke? Alijibu jaribu tena mara kumi na saba. Mara ya kumi na nane diski ilitoa mlio uliomwingia mpaka kwenye meno, akaogopa itakufa yote kabla ya kumaliza, akabonyeza ruka. Mwishoni alilinganisha hesabu. Zamani, wagonjwa sitini na watatu. Mpya, wagonjwa sitini na watatu. Akashusha pumzi.

Barua ya Charo ilisema, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: UKIMALIZA, ITOE ILE MBOVU. Yeye hakuitoa. Aliifunga ubavuni.

Na hakuwa akimuiga babake kwa mazoea tu. Kulikuwa na jambo la mwaka 1997.

Mwaka ule wa mvua za El Niño, mto Tana ulipoacha kitanda chake na kuingia kila mahali, wagonjwa walikuwa wakiandikwa kwenye daftari. Josephine alikuwa na miezi mitano tu kazini, ametoka Malindi na cheti chake cha kupiga taipu na viatu vyake vya kisigino. Maji yalikuja kabla ya mapambazuko. Aliokoa taipu, kwa sababu alikuwa ameambiwa ni mali ya thamani. Daftari lilibaki kwenye droo ya chini, na lilipopatikana lilikuwa uji.

Maji yalipopungua waliandika daftari jipya kwa kutumia kadi za wagonjwa, kwa wale ambao kadi zao zilikauka. Sheria ilikuwa moja: asiye na kadi na asiye daftarini hapewi dawa, aanze kupimwa upya Malindi. Barabara ya Malindi yenyewe ilikuwa imekatika. Siku moja akaja mwanamke mwembamba kutoka ng'ambo ya mto, mkeka kwapani, akasema anaitwa Barwako na amekwisha kumeza dawa miezi mitatu. Kadi yake ilikuwa imeenda na maji pamoja na nyumba. Josephine alipitisha kidole kwenye daftari, juu mpaka chini.

"Wewe humo, mama," alimwambia.

Mwanamke yule hakugomba. Alikunja mkeka wake vizuri, pembe kwa pembe, akaondoka.

Alirudi Septemba ya mwaka huu wa 1999, amebebwa, hana nyama hata ya kukuna, na ugonjwa wake sasa ulikuwa ule wa ujeuri. Vidonge peke yake havikumfaa tena. Kati ya wagonjwa wote yeye peke yake alihitaji sindano kila siku kwa miezi miwili, na sindano hizo ziliagizwa kwa jina lake. Josephine mwenyewe ndiye aliyemwandika kwenye kompyuta. Hakujua kama Barwako anamkumbuka. Hakuthubutu kumwuliza, na kila walipopishana uani alimsalimu huku akitazama chini.

Tangu hapo Josephine hakutupa chochote chenye jina la mtu. Ndiyo maana diski ya zamani ilikuwa bado humo, ikigonga. Na Charo alikuwa amemwandikia jambo jingine kwenye ile barua: diski ikifikia hali hiyo, ukiizima huenda isizunguke tena maishani. Kuitoa kulikuwa ni kuizika.

Mlango ulifunguliwa. Bwana Kavumbi, tabibu msimamizi wa kituo, alichungulia, funguo za gari mkononi. Ndiye aliyekuwa aende na disketi. Alikuwa mtu mpole, lakini asubuhi hiyo upole ulikuwa umeanza kumwisha.

"Josephine, askari wamekwisha kupanga magari. Nitapata kitu au niwaambie watu hawa wajiandae kurudi makwao?"

"Nipe saa moja, Bwana Kavumbi."

"Saa moja ndiyo hiyo tuliyo nayo. Hatuna nyingine."

Mlango ulipofungwa, Josephine aliitazama diski ya zamani. Kisha akapiga moyo konde, akarudi kwenye redio.

"Malindi, hapa Garsen. Charo, nilikudanganya. Diski ni mbili. Ile ya zamani sikuitoa. Ova."

Alitegemea kusikia hasira. Alisikia mtu akicheka kwa pua.

"Mbona hukusema, dada yangu? Hapo ndipo penye shida. Hiyo ya zamani ukiiacha ndani, inajitwalia herufi D. CD yako inasukumwa inakuwa E. Kirekebisho kinajua D tu, kinaenda kupiga hodi kwa diski mbovu. Itoe, kila mmoja atarudi chumbani kwake. Ova."

"Nikiitoa haitawaka tena, Charo. Wewe ndiwe uliyeniandikia. Ova."

"Ndiyo. Lakini ulinakili, ukalinganisha? Ova."

"Nililinganisha. Sitini na watatu, sitini na watatu. Ova."

"Basi waogopa nini? Ova."

Josephine aliachia kitufe. Ingemchukua siku nzima kueleza, na redio ile ilisikika mpaka Hola.

Alikumbuka kitu. Babake hakuwa akitembea na mitumbwi miwili milele. Mto ulipofika pale unapopinda, palipo na kina, aliinama akaifungua kamba mwenyewe, akamwambia binti yake, ruka huku. Na mtumbwi wa zamani ulikwenda na maji, maana mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja haipiti kona. Sehemu hiyo ya mambo Josephine alikuwa ameisahau, au hakutaka kuikumbuka.

Alizima kompyuta. Feni yake ikapunguza sauti, ikanyamaza, na ile ko, ko, ko nayo ikanyamaza. Alichomoa waya mpana, akachomoa waya wa umeme, akalegeza skrubu nne kwa kisu cha mezani kwa kuwa bisibisi ilikuwa kwenye gari, akaitoa diski ya zamani ikiwa bado na moto. Akaiweka juu ya kitambaa. Akawasha.

Kompyuta iliamka. Akaanzisha kirekebisho. Kikauliza CD, kikaipata, na mstari wa buluu ukaanza kutambaa kwenye kioo. Asilimia nne. Tisa. Kumi na tano. Josephine alikuwa amesimama, amejishika kichwa kwa mikono miwili, anacheka peke yake kama mwendawazimu. Saa tano kasoro dakika tano kirekebisho kilikuwa kimekaa, na dakika ishirini baadaye programu ya oda nayo imeingia na kuvuta majina yote kutoka kwenye orodha ya wagonjwa. Wagonjwa sitini na watatu, iliandika. Alichapa majina kwenye karatasi, akampa Kavumbi awaite watu waje wanywe dawa ya siku, kama ilivyokuwa desturi. Siku hiyo walikuwa wamecheleweshwa kwa ajili ya mashine. Yeye akabaki anaandaa disketi.

Kutoka dirishani alimsikia Kavumbi akiita majina uani, na mmoja mmoja wakija na vikombe vyao vya maji. Kisha wakaangua kicheko. Mwanamke aliyeitwa Abdia, aliyekuwa amebakiza mwezi mmoja kumaliza dawa, alikuwa ameitwa mara mbili.

"Daktari, leo unanipa mara mbili?" alisema. "Nimeharibika tena?"

"Keti, mama, keti, ni karatasi tu," Kavumbi akajibu kwa haraka, akaendelea. Alipofika mwisho akagonga karatasi kwa kalamu. "Sitini na watatu. Tumetimia. Josephine, lete hiyo disketi!"

Josephine alikuwa ameishika mkononi. Alikuwa anainuka. Lakini hicho kicheko kilikuwa kimemkwama mahali.

Kivuli kikaziba dirisha. Alikuwa Dahabo, mama wa Kiorma wa makamo, aliyekaa kituoni miezi sita na kujifanya mkuu wa vibanda bila kuchaguliwa na mtu. Alipenda kumtania Josephine kwamba ni mtu wa migomba, hajui kitu chenye miguu minne. Sasa hakuwa akitania.

"Josofini. Moja hapana."

"Vipi, mama Dahabo? Bwana Kavumbi amehesabu. Sitini na watatu."

"Nyinyi nahesabu." Dahabo alitikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mtoto. "Sisi ng'ombe nakuja jioni, hapana hesabu. Hesabu ni mbaya, hesabu nadanganya. Nasimama pale mlango ya boma, naangalia. Ile mweusi, iko. Ile pembe moja, iko. Ile namnyima ndama, wapi? Basi unajua." Akanyoosha mkono kuelekea vibandani. "Abdia napita mara mbili. Barwako hapana pita."

Josephine aliiacha disketi mezani. Aligeukia kioo, akateremsha orodha. Abdia, mwezi wa saba, vidonge viwili. Chini yake, Abdia, mwezi wa saba, vidonge viwili. Hapo palikuwa mahali pa Barwako. Alielewa yote kwa mara moja: pale alipobonyeza ruka, programu ya kunakili haikuacha pengo. Ililijaza kwa kurudia kipande kilichotangulia. Hesabu ikatimia. Kwenye oda yote, sanduku zima la dawa la miezi mitatu, hakukuwa na hata sindano moja.

Aliidaka diski ya zamani kutoka kwenye kitambaa. Akazima, akachomeka nyaya, vidole vikikosea mara mbili, akawasha na kuisogezea sikio. Hakuna. Akaigonga kidogo kwa kiganja, kama alivyoona wengine wakifanya. Hakuna. Hata ile ko, ko, ko ambayo jana ilimkera, leo angeilipia, haikuwepo. Diski ilikuwa chuma tu.

Nje, pikipiki ya askari ilipita ikipiga honi: nusu saa imebaki, magari yajipange.

Josephine alitoka mbio, na alipofika uani alimwona. Barwako alikuwa amepiga magoti mbele ya kibanda chake, amewapa wenzake mgongo. Hakuuliza kitu, hakulia. Alikuwa anakunja mkeka, pembe kwa pembe.

Nisiseme uongo: Josephine alilia pale pale, mbele ya wagonjwa sitini na wawili na msimamizi wake, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa. Halafu akajifuta kwa ukingo wa leso, akaenda akaketi chini kwenye mchanga, akaushika mkeka upande wa pili.

"Usikunje, mama Barwako. Umo."

"Karatasi nasema simo." Barwako alisema bila hasira, kwa sauti ndogo ya mtu wa mapafu mabovu. "Ile siku ya maji pia, wewe nasema simo."

Kumbe alimkumbuka. Alimkumbuka tangu siku ya kwanza.

"Ile siku nilikosa," Josephine alisema. "Nilitafuta karatasini na wewe ulikuwa umesimama mbele yangu. Nisamehe. Leo karatasi ndiyo imekosa, wewe uko. Njoo ndani, nikuandike."

Kavumbi alikuwa amewafuata, anatazama saa. "Programu haitamkubali bila tarehe aliyoanzia na idadi ya sindano," alisema kwa wasiwasi. "Ikikosa hayo inakataa oda nzima. Ni wiki ngapi sasa? Nne? Tano? Mimi nimechoma watu wengi, Josephine, sitaki kubahatisha."

"Huna mahali ulipoandika?"

"Kwani si tuliambiwa tusiandike? Si kila kitu kimo kwenye mashine?"

Barwako aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaingiza mkono ndani ya nguo zake, shingoni, akavuta kamba nyembamba ya katani, ya kufungia ndama. Ilikuwa na mafundo, moja baada ya jingine, yamekazwa vizuri.

"Ile mara ya kwanza nyinyi nasema karatasi nakufa kwa maji," alisema. "Mimi nafikiri: karatasi ya watu hii ni ya kufa. Basi mara hii nafunga yangu. Sindano moja, fundo moja. Kila siku. Hakuna siku naacha."

Josephine aliipokea kamba kwa mikono miwili. Ilikuwa na joto la mwili. Aliyapitisha mafundo kwenye vidole polepole, midomo ikicheza, na Dahabo, aliyechukia hesabu, akageuza uso upande mwingine kwa heshima. Yalikuwa thelathini. Siku thelathini bila kuruka. Leo ilikuwa tarehe kumi na nne Oktoba, na sindano ya leo bado; basi alianza tarehe kumi na nne Septemba, na thelathini nyingine zilibaki.

Waliingia ndani. Josephine alimweka Barwako kwenye kiti chake mwenyewe, yeye akasimama. Alimfuta Abdia wa pili, akaandika jina, tarehe, sindano, na kila alichoandika alikisoma kwa sauti, na Barwako akaitikia kwa kichwa. Programu ilisitasita, ikafikiri, ikakubali. Wagonjwa sitini na watatu, iliandika tena, kama vile haijawahi kusema jambo jingine. Lakini Josephine hakuitazama hesabu. Alimwita Dahabo aje dirishani, akamsomea majina yote, mpaka Dahabo aliposema, "Sasa yote natimia."

Disketi ilimfikia Kavumbi saa sita kasoro dakika sita. Alikimbia nayo, shati limemtoka kwenye suruali, na mwanzoni mwa barabara gari la kituo lilijiingiza nyuma ya lori la mwisho, mbele ya askari wa nyuma, dereva akipunga mkono kuomba radhi. Vumbi likafunika yote. Josephine alisimama pale mpaka asisikie tena mlio wa magari.

Aliporudi, Barwako alikuwa bado kwenye kiti, mkono wa nguo umepandishwa begani. Ungedhani alikuwa akingoja sindano yake ya siku. Lakini Kavumbi alikuwa amemchoma kabla ya kukimbilia gari, muuguzi msaidizi akaeleza, kwa hiyo alikuwa akingoja kitu kingine. Kamba ilikuwa mapajani mwake. Alikuwa amekwisha kupiga fundo la thelathini na moja, lakini hakulikaza.

"Vuta," alimwambia Josephine, akimpa ncha moja.

Josephine alishika ncha, Barwako akashika ya pili, wakavuta wote pamoja mpaka fundo likakaza.